Gari Halina Bega

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Agata huko Matombo, upande wa juu wa barabara, mahali ambapo migomba inaanza kuwa mingi kuliko nyumba. Siku ya pili ya msiba tulikuwa tumekaa uani, wanaume kwenye mikeka na viti vya plastiki, wanawake ndani, na kila mtu amekwisha kusema yale ambayo watu husema. Kijana mmoja, mjukuu wa Agata, alikuwa akitazama mpira kwenye simu yake, na katikati ya ukimya ule simu ikapaza sauti ya mwanamke, laini kama mafuta, ikitangaza gari. Ilisema gari hilo halitembei bali linateleza, na kwamba mwenye nalo haendi safari, safari ndiyo humjia. Watu wakageuka. "Zima huo upuuzi, wewe!" mzee mmoja akamkemea. Nikasema, "Mwacheni amalize." Wakanitazama kama mtu aliyeanza kupotewa na akili kwa uchungu, na labda ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka tu kuusikia mwisho wake, kwa sababu mtu pekee ambaye angeniambia tangazo lile limekosea wapi alikuwa amelala chini ya udongo mbichi nyuma ya nyumba. Agata angesema: maneno mengi. Angesema: mwenye gari zuri haongei sana.

Nimeishi na maneno ya magari muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu. Ya kwanza niliyoyajua yalikuwa kwenye ukuta wa duka karibu na stesheni ya Morogoro, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha punde, herufi nyekundu zinasema GARI IMARA SANA, na chini yake tembo aliyefanana zaidi na nguruwe. Baadaye yakaja yale niliyoyachora mwenyewe kwa mkono huu: BABU KANUNUA, MJUKUU ANAENDESHA. UKIONA VUMBI LAKE, UMECHELEWA. DAR ES SALAAM KABLA CHAI HAIJAPOA. Uhuru ulipokuja wakabadilisha, ikawa NCHI IMEANZA SAFARI, NAWE PANDA. Kisha ikafuata miaka ambayo magari hayakuwapo ya kuuza, na kuta zikaachwa zichunike zenyewe mpaka herufi zikabaki kama meno ya kizee. Halafu yakamiminika ya mitumba, na kila kona ikawa na kibao: LIMETUMIKA JAPANI, JIPYA TANZANIA. Yote hayo nayakumbuka, na mengine nayacheka. Ni moja tu nisiloweza kulicheka, na ndilo lililokuwa zuri kuliko yote.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, tulikuwa tunaishi watatu katika chumba kimoja cha kupanga Mwembesongo: mimi, Agata, na mdogo wetu wa mwisho Tomasi. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba alicholala Agata, mkeka wetu wawili, jiko la mkaa lililotolewa nje kila jioni, na kuta za udongo nilizozibandika magazeti ili vumbi lisituangukie usingizini. Magazeti hayo nilipewa kazini, na kwa kuwa kazini kwenyewe kulikuwa kwa wakala wa magari, karibu kila ukurasa ulikuwa na picha ya gari. Tomasi alijifunza kusoma kwenye ukuta ule. Kabla hajajua kuandika jina lake alijua kusoma "magurudumu manne mapya." Agata akipika dagaa au kisamvu alikuwa akimgeukia na mwiko mkononi, "Hilo la juu ya mlango linasemaje?" na Tomasi akilikosea, alikuwa hapewi ukoko wa ugali mpaka alirudie.

Kazi yangu ilikuwa kuchora maandishi. Nilikuwa nimeachia darasa la nne, lakini mkono wangu ulikuwa mzuri, na fundi mmoja mtu mzima wa mjini alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kushika brashi bila kuiminya, na kuanza neno refu katikati ili lisiishie nje ya ukuta. Mkubwa wetu dukani alikuwa Bwana Pinto, Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mwembamba aliyevaa suti nyeupe hata siku za matope. Yeye alipokea maneno ya Kiingereza kutoka Dar es Salaam na kunipa mimi niyageuze. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia ya kusimama mbali na ukuta, kofia kifuani, anasoma nilichochora kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo ya mgonjwa, kisha anasema, "Piusi, hii maneno iko baridi." Karibu kila mara alikuwa anasema kweli.

Mjomba Klementi, kaka yake mama, alishuka kutoka Matombo mvua za masika zilipokatika. Alikuja na mkungu wa ndizi za kupika na kuku aliyefungwa miguu, akauweka mzigo mlangoni na kusimama bila kuingia. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Mwali yuko wapi?" Hakusema Agata. Nikajua mama mwenye nyumba amekwisha mpelekea habari, na sikumlaumu, kwani ndivyo inavyotakiwa: msichana akivunja ungo, upande wa mama lazima uambiwe kabla mwezi haujaandama tena. Agata alikuwa ndani, nyuma ya kanga tuliyoitundika kuwa pazia, na nilisikia mwiko wake umekoma kwenye sufuria.

"Mwali hakai mjini kwenye chumba cha kupanga," mjomba akasema. "Tena na wanaume."

"Wanaume gani, mjomba? Mimi na Tomasi?"

"Wewe una ndevu ngapi? Ukiwa nazo tatu, wewe ni mwanamume."

"Na shule yake? Masista wamemwekea nafasi shule ya kati. Ya bweni. Inafunguliwa Januari."

"Shule ina miguu? Itakimbia?"

"Shule haina. Nafasi ndiyo ina miguu."

Akacheka, kwa sababu mjomba alipenda jibu zuri hata likiwa la kumpinga. Lakini hakubadilika. Akakaa juu ya kizingiti, akavua kofia. "Piusi, mama yenu alichezwa ngoma ya mwali. Bibi yenu alichezwa. Huyu akizaa bila kuchezwa, watoto wake watauliza shamba kwa jina la nani? Mimi nikifa, wewe ndiye mjomba wao. Utawajibu nini?" Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mlango wa kuingilia. Nikamwuliza swali moja tu, atatolewa lini, maana mwali hufungiwa ndani mpaka siku ya ngoma yake. Akatazama barabarani. Mvua zilikuwa zimemnyima mwaka ule. Mahindi ya mabondeni yalikauka yakiwa na mabua tu, na mwali hatolewi bila kulisha watu. "Nikipata chakula cha ngoma," akasema. "Mwakani. Au mwaka wa pili wake."

Kwa hiyo mambo yote ya mwaka ule yalifungwa pale kizingitini. Agata angetoka ndani kabla ya Januari, au nafasi yake ingepewa mwingine na asirudi shule tena. Mimi nilikuwa nimekwisha acha shule. Nilijua mlango ule ukikufungia nje, hauna kitasa upande wako. Agata aliondoka na mjomba kesho yake asubuhi, amefunikwa kanga kichwa hadi magoti, na Tomasi akawafuata mpaka darajani huku akiuliza amekosa nini.

Nilianza kupanda Matombo kila nilipopata nafasi. Kama lori la ndizi lilikuwa linarudi tupu nilidandia, kama halikuwapo nilitembea. Sikuruhusiwa kumwona. Alikuwa katika chumba cha ndani, chenye giza, na mlinzi wake alikuwa bibi yetu, mama wa mjomba, mwanamke mfupi aliyekuwa na sauti ya kuita watu mlima wa pili. Mwali haongei na mwanamume, hata awe kaka yake. Lakini mimi nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa chumba kile, kama mtu anayepumzika kivulini, na bibi akauvuta mchi na kinu hadi karibu na mlango akaanza kutwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Nilikitazama na kumtazama yeye, naye akaniangalia kwa ukali kana kwamba mimi ndiye ninayemfanyia siri. Mpita njia mmoja akamwuliza, "Bibi, unatwanga nini mchana huu?" Akamjibu, "Natwanga maneno ya watu." Alikuwa anafanya hivyo ili akiulizwa na wazee kama mwali amezungumza, aweze kuapa kwamba hakusikia kitu.

"Kaka, umeleta nini?" sauti ya Agata ilitoka ukutani, chini kidogo ya sikio langu.

"Sukari. Na maneno."

"Maneno ya nani?"

"Ya Wazungu. Wanasema gari lao jipya lina nguvu za kutosha kupanda mlima wowote bila kupunguza mwendo. Bwana Pinto amenipa mpaka Jumatatu."

"Wewe umeandikaje?"

"'Gari lenye nguvu za kupanda milima yote.'"

Mchi ukapiga mara kadhaa. "Hayo unamwambia nani? Mluguru? Mluguru anapanda mlima kila siku na mkungu kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna anayemwandika ukutani." Nikacheka, bibi akakohoa kunionya. Agata alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ilikuwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Fikiria mtu anayeringa," akasema. "Yuko njiani, anatembea kama hana habari. Wewe unamwonea huruma, unamwambia, bwana, pole na mlima. Atakujibu nini?"

"Sijui. Atakujibu nini?"

"Atageuka nyuma, aseme: mlima? Mlima upi?"

Nililichora neno lile ukuta mzima wa duka lililotazama soko, herufi nyeupe juu ya rangi ya buluu, na juu yake gari linashuka upande wa pili wa mlima kana kwamba mlima haukuwapo. MLIMA? MLIMA UPI? Bwana Pinto alisimama na kofia yake kifuani muda mrefu mpaka nikaogopa. Kisha akacheka peke yake. Baada ya hapo neno likatutoroka. Gari la kipaza sauti lililitembeza hadi Mzumbe na kurudi, lakini watu walikuwa wamelichukua kabla halijafika. Mwanamke muuza nyanya akiambiwa nyanya zake zimeoza, anashika kiuno, "Zimeoza? Zipi?" Mlevi akishikwa na mkewe mlangoni, "Pombe? Pombe ipi?" Nilisikia mtoto anayechapwa akimjibu mama yake hivyo na kuongezewa. Mimi nilipita katikati ya mji uliokuwa unasema maneno ya dada yangu, na dada yangu alikuwa gizani haruhusiwi kusema.

Bwana Pinto akataka kujua nani amelitunga. Nikamwambia ni dada yangu. "Mlete hapa," akasema. Nikamwambia hawezi kuja, yuko ndani. Akauliza kama anaumwa. Ikabidi nimweleze, na katika kueleza nikafika mahali ambapo mwali anatolewa, jinsi anavyofunikwa, anavyobebwa mabegani kutoka mlangoni hadi uwanjani ili miguu isiguse chini, watu wanaimba nyuma yake, na jinsi asivyoinua macho wala kucheka mpaka mjomba ampokee. Niliona macho yake yamebadilika. Mwanzoni sikuelewa.

"Kwa nini bega?" akasema. "Piusi, mimi iko na gari!"

Alikuwa amekwisha iona picha: gari jipya juu ya mlima wa kweli, mwali ndani yake amepambwa shanga, watu wa Uluguru wamelizunguka, na neno lile chini. Angemleta mpiga picha kutoka Dar es Salaam. Duka lingetoa ng'ombe, mchele na sukari kwa ngoma yote. Kitu pekee alichokitaka ni mwali apande garini badala ya mabegani, na iwe kabla ya Noeli. Nilihesabu kimoyomoyo: kabla ya Noeli ni kabla ya Januari. Nilipanda Matombo siku ileile.

Mjomba alisikiliza akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Huko kwetu siku zile gari halikuwa jambo la furaha. Magari yaliyopanda kule yalikuwa ya mabwana shamba waliokuja kuamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na watu walipoyasikia yanaguna bondeni walificha majembe na kuingia porini. Lakini gari linalokuja kwa ajili ya mwali wake, lenye ng'ombe nyuma yake! "Ukoo mzima wa mlima huu," akasema, "hakuna aliyetoa mwali kwa gari." Alianza kuwataja majirani ambao wangeumwa na wivu. Padri wa misheni, ambaye kila mwaka alizikataza ngoma hizo kanisani, aliposikia tarehe alikumbuka kwamba siku hiyo ana safari ya Kisaki.

Nikaenda ukutani. Bibi akavuta kinu chake. Nilimwambia Agata yote, nikamweleza habari ya ng'ombe, ya gari, ya mpiga picha. Bibi akapunguza kutwanga ili asikie.

"Kwa hiyo kuta zimekwisha mjini," Agata akasema. "Sasa mnakuja kuandika juu yangu."

"Ukikataa, nitamwambia Bwana Pinto hapana."

"Na shule?"

"Januari iko palepale."

"Mjomba bila ng'ombe wa huyo Mgoa hawezi?"

"Hawezi."

Nilisikia anajikuna mkono. Mwali alikuwa anapakwa dawa za kuchua ngozi ambazo zinawasha. Sasa hivi mimi ni mzee na nimekuwa mjomba wa watu wengi, na bado sijui swali gumu zaidi kuliko lile aliloulizwa msichana yule gizani, ambalo halikuwa na jibu lisilomchukulia kitu. "Nitapanda," akasema mwishowe. "Lakini sitacheka. Mwambie huyo mpiga picha asinihangaishe. Mwali hacheki."

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu asubuhi, na jua lilipotoka migomba ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta. Gari lilipanda. Nataka niseme hivyo kwa haki, kwa kuwa watu wanaoisikia habari hii husubiri niseme lilikwama. Halikukwama. Lilipanda lile tope la Matombo kama linavyosema tangazo, buluu, refu, na Bwana Pinto ndani yake suti nyeupe, akipunga mkono. Ng'ombe alikuwa amekwisha chinjwa, masufuria ya wali yamefunikwa majani ya migomba, ngoma zinapashwa moto. Gari likasogezwa hadi ubavuni mwa nyumba. Bibi na wanawake wa ukoo wakamtoa Agata, amefunikwa, wakamvusha kutoka kizingitini hadi kiti cha nyuma bila mguu wake kugusa ardhi, na mlango ukafungwa. Mpiga picha akaanza kuweka chombo chake juu ya miguu mitatu.

Ndipo wakatokea watu wa upande wa baba. Walitoka njia ya chini, wanawake kama kumi, mbele yao shangazi Skola, dada yake marehemu baba, mwanamke mpana mwenye mabega ya kubeba magunia ya mahindi. Walikuwa wamejifunga kanga viunoni tayari kwa kazi. Walipoliona gari wakasimama. Shangazi akalizunguka taratibu, akachungulia kioo, akarudi mbele yake, akakaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha. Wenzake wakakaa nyuma yake. Ngoma zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Mjomba akajishika kichwa. Mimi pia nikaelewa. Kwetu upande wa mama ndio wenye mwali, lakini upande wa baba ndio wenye mabega. Wao ndio wanaombeba. Ni haki yao na ni heshima yao, na hakuna anayeweza kuigawa bila kuwaomba. Katika furaha ya gari mjomba alikuwa amewaalika watu wa mlima mzima, akasahau kumtuma mtu kwa shangazi Skola. Mimi sikukumbuka, bibi hakukumbuka. Sote tulikuwa tunalitazama gari.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja kumbeba mwali."

"Mwali yuko ndani ya gari, shangazi."

"Mwali?" akasema kwa sauti ya uwanja mzima. "Mwali yupi?"

Watu wakaangua kicheko, maana neno lilikuwa limekwisha fika hadi kule. Bwana Pinto naye akacheka, akidhani ni sifa. Mjomba akasogea, akaanza kusema habari ya ng'ombe. Shangazi akamkata. "Klementi, nakuuliza. Hilo gari lina bega? Lina jasho? Mtoto huyu akiniuliza kesho, shangazi, siku ile nilitolewa na nani, nimwambie alitolewa na mpira wa magurudumu?" Mwanamke mwingine nyuma yake akapiga vigelegele vya kejeli. "Sisi tumekufa?" akaendelea. "Kaka yangu alipokufa alikufa na ukoo wake wote? Mrudisheni ndani. Mtakapokumbuka kuja kuniomba kwa adabu, tutaongea. Mwaka ni mrefu."

Bwana Pinto aliniuliza kinachosemwa, nikamwambia. Akatazama jua na kumtazama mpiga picha. "Piusi, nusu saa. Halafu mwanga imekwisha." Na mjomba, aliyekuwa mtu wa kicheko na majibu, akasimama kati ya gari na wale wanawake kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi, kurudi nyuma ni aibu mbele ya wageni wake, kwenda mbele ni kuwakanyaga wakwe. Mle garini niliona kanga ya Agata imenyooka wima, haitikisiki. Joto ndani humo lilikuwa kali sana. Nilijua akirudishwa chumbani siku ile hatatoka kabla ya masika, na ng'ombe hatapatikana wa pili.

Nikaenda nikakaa chini mbele ya shangazi, kwenye tope, miguu nimeikunja kama mtu anayeposa. Nikasema, "Shangazi, nimekuja kuomba bega."

"Wewe ni nani? Mwenye mwali ni Klementi."

"Mimi ndiye mjomba wa watoto wake."

"Ana watoto?"

"Atakuwa nao. Nami nitawaambia alibebwa na nani."

"Anayeomba baada ya kosa haombi mikono mitupu. Mbuzi yuko wapi?"

"Sina mbuzi. Nina mikono."

Akaichukua mikono yangu akaigeuza. Ilikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha. "Mikono hii ya kuchora kuta italima mteremko wangu?"

"Italima msimu mzima. Na palizi."

"Na matuta ya serikali?"

"Na matuta."

Shangazi akainuka, akajipangusa, akaenda kwenye gari na kufungua mlango mwenyewe. Akageuka, akachuchumaa, mwenzake akamsukuma mwali, na Agata akapanda bega la dada ya baba yake. Uwanja ukalipuka. Wakaondoka naye wakiimba, na Bwana Pinto akakimbia pembeni, kofia mkononi, akipiga kelele, "Binti! Tazama huku! Cheka kidogo!" Agata hakutazama na hakucheka. Gari likafuata nyuma, tupu, pole pole, likipiga honi ili lipishwe, na hakuna aliyelipisha.

Picha iliyochapwa katika gazeti baadaye ilionyesha gari peke yake na mlima nyuma yake. Pembeni kabisa, ukitazama sana, kulikuwa na mguu wa mtu ukielea hewani, umevaa shanga. Chini yake neno la Agata. Bwana Pinto hakudai ng'ombe wala mchele. Vilikuwa vimekwisha liwa. Alinishika bega na kuniambia tu kwamba duka litatafuta mtu mwingine wa kuchora, maana mimi nitakuwa na kazi ya jembe. Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli. Nikarudisha chumba cha Mwembesongo. Mwenye nyumba aliyabandua yale magazeti ya ukutani akafungia maandazi. Tomasi nikampeleka kwa mjomba, na mimi nikajenga kibanda kwenye mteremko wa shangazi Skola. Mwaka mzima nilikuwa nimeng'ang'ania tusitawanyike, na sasa nilitutawanya kwa mkono wangu mwenyewe, kila mmoja na paa lake.

Januari nilimpeleka Agata kwa masista. Alikuwa amenenepa kama mwali anavyonenepa, ngozi yake imelainika, na alitembea nyuma yangu macho chini kwa mazoea. Getini sista mmoja wa Kizungu alituzuia. Habari ya ngoma ya gari ilikuwa imefika hata kwake. Akaniambia kwa Kiswahili kizuri kwamba shule yao haipokei wasichana wa kuchezwa, na tena wa kuwekwa magazetini. Nilifungua mdomo kumweleza habari ya mabega, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Agata. "Na wewe?" akamwuliza. "Umekuja kutafuta nini?"

Agata akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika niyaone yakimtazama mtu. "Nimekuja kutafuta dawati, sista," akasema. "Hilo lililobaki wazi. Nikikaa, mtaona kama nimechezwa au sikuchezwa." Sista akasogea pembeni ya geti, kiasi cha mtu mmoja mwembamba kupita. Agata akajipenyeza na kijisanduku chake. Alifundisha darasani kwa muda wote wa utu uzima wake, na watu waliojaa kwenye msiba wake wengi walikuwa wanafunzi wa wanafunzi wake. Lakini siku ile mimi niliona mgongo tu, na geti.

Nilipofika Matombo jua lilikuwa bado liko juu. Tomasi alikuwa ananingoja njia panda, amepanda juu ya jiwe ili anione mapema. Akatazama nyuma yangu, akaona niko peke yangu.

"Agata yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Akanywea. "Tena?" akasema. "Nani kamfungia?"

Nikachukua jembe la shangazi nililokuwa nimeliacha kwa mjomba, nikaliweka begani, nikaanza kushuka nalo mteremkoni, naye akinifuata nyuma. "Hakuna," nikamwambia. "Safari hii kaingia mwenyewe."